Spika ya Nyuma, Katikati

Mjukuu wangu aliponiuliza Pasaka hii aninunulie nini, alitegemea niseme kitenge, au labda sweta, maana huku Nyanga, Bukoba, asubuhi baridi ya ziwa hupanda mpaka mlangoni. Nikamwambia nataka spika.

"Spika ya nini, bibi?"

"Ya nyuma. Ya katikati."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mume wake alikuwa anakula, tonge likabaki mkononi. "Mke wangu mkubwa," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "unataka kutufungulia disko humu ndani?"

Mimi sikucheka. Walipoona sicheki, nao wakaacha.

Nyumba hii ni yao. Nililetwa hapa nilipobaki peke yangu kule Muleba, na kiti changu kikawekwa sebuleni, kikitazama runinga, kwa nyuma kukiwa na nafasi ya watu kupita kwenda jikoni. Pale kwenye runinga kuna hom thieta, ile ndogo inayouzwa kwa boksi moja. Mashine ya kuchezea diski, sabufa iliyokaa chini kama debe, spika mbili mbele, mbili nyuma kwenye kona, na moja nyembamba imelala chini ya runinga katikati. Mume wa mjukuu aliinunua kwa ajili ya mpira. Siku za mechi wanaume wa jirani hujaa humu, na mimi hukaa nao kwa sababu sina pa kwenda. Mpira ukipigwa kushoto unausikia kushoto. Watu wakishangilia uwanjani wanashangilia nyuma yako kabisa, unageuka kutazama nani kaingia. Mara ya kwanza niligeuka hivyo wakanicheka. Lakini hapo ndipo nilipopata wazo, nikakaa nalo moyoni muda mrefu bila kumwambia mtu.

Ninayo diski moja. Ndani yake kuna siku moja ya nyumbani kwetu Muleba, siku ya kipaimara cha huyuhuyu mjukuu. Aliyepiga picha zile ni baba yake, mwanangu wa mwisho. Alikuwa amepata kamera ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, akazunguka nayo kutwa nzima kama mtu aliyetumwa na serikali. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo, yeye anaifunika kamera kwa kofia yake, kichwa chake kinalowa. Kila aliyemkuta alimwambia, "Sema jina lako, na wewe ni nani hapa nyumbani."

Wote walisema. Mume wangu alisema jina lake amesimama wima, utafikiri yuko mbele ya hakimu. Katekista alisema, dada zake mume wangu walisema, watoto walijificha nyuma ya mapipa kisha wakasema. Hata mama mmoja aliyeleta kuku akaondoka kabla ya chakula, naye alisema jina lake akiwa amefika njiani. Mimi majina yote ninayo. Kabla mtu hajafungua mdomo kwenye ile runinga, mimi nimeshamtaja. Sitayaandika hapa. Ni mengi, na wenye nayo wengi wamelala. Nikianza sitaweza kuacha katikati.

Jina moja tu halimo kwenye diski, nalo ni lake mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza, sasa nani angemuuliza? Haonekani pia. Tangu mwanzo mpaka mwisho haonekani, isipokuwa jua lilipochomoza kidogo baada ya mvua, kivuli chake kikalala uani, kirefu, mkono mmoja umeinuliwa kama anamsimamisha mtu. Kilichobaki kwake humo ni sauti.

Aliumwa baadaye, tumbo likamvimba. Tulimpeleka hospitali akiwa amekaa na tukarudi naye akiwa amelala. Nilimzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, kama tunavyozika watu wetu wote. Baba yake akamfuata, maana hakutaka tena kula. Kisha mnyauko ukaingia kwenye migomba. Unakata mkungu, ndani ndizi zimeoza na zinatoa usaha wa njano. Tuling'oa, tukachoma, tukapanda tena, ukarudi. Sasa nyumba ile imefungwa kufuli, na makaburi yamebaki wazi juani bila kivuli cha mgomba. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Nirudi kwenye diski. Kuna mahali ninapopangoja. Mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, namenya ndizi, nimeipa kamera mgongo. Kinaonekana kisogo na kilemba. Mwanangu anakuja kutoka nyuma, upande wa banda la kuku, ananiita:

"Mae! Geuka huku, watu wasije kusema mama yetu ni kisogo kitupu!"

Mae ni mama, kwa Kihaya. Basi pale ninageuka. Ninacheka, meno yote nje, bado ninayo. Ninamwambia, "Toka hapo, utaniangushia hicho kidude kwenye ndizi!" Kisha narudia kumenya. Hapo anahamia kwa watu wengine.

Sasa, kila nilipoitazama diski ile, sauti yake ilitoka mbele. Ilitoka kwenye ile spika nyembamba chini ya runinga, kana kwamba alikuwa amejificha ndani ya beseni la ndizi. Yeye hakuwa mbele. Mimi nilikuwepo, najua alikosimama. Alikuwa nyuma yangu, hatua chache, na nilisikia matope yakilia chini ya viatu vyake kabla hajaita. Hapa akiita kutoka mbele, mwili wangu haumtambui. Masikio yanasema ni yeye, mgongo unasema siye. Nikawa namsikiliza mwanangu kama unavyosikiliza sauti ya mtoto wa mwenzio.

Nikajiambia, ikipatikana spika ya nyuma, katikati, si zile za kona, ila moja iliyo sawa na kisogo changu, ataniita kutoka pale aliposimama. Mara moja tu. Sikutaka kitu kingine Pasaka hii, wala baada yake.

Kuna jambo bibi yangu mzaa mama alitufundisha tukiwa wadogo, nalo lilinikaa kichwani siku zile zote. Ukiitwa kutoka nyuma na hujamwona anayekuita, usiitike, usigeuke. Ngoja uitwe mara ya pili. Aliye hai ataita tena, kwa sababu ana haja na wewe. Aliyekufa huita mara moja tu. Tulikuwa tukienda mtoni tunasikia jina, tunabana midomo, na mara nyingi alikuwa ni mama mwenyewe anaita, tunakula kofi kwa kutoitika. Siku ile ya kumenya ndizi sikungoja. Mwanangu alikuwa hai, na niligeuka palepale.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anakaa Kitendaguro, kibanda chake kiko mjini karibu na soko. Babu zake walikuja Bukoba na biashara kutoka pwani, lakini Kihaya chake ni kizuri kuliko cha wajukuu zangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Nimeambiwa mteja ni wewe, nikadhani wananitania. Wazee wenzio huniletea redio zao niwatengenezee wasikilize matangazo ya vifo."

"Hayo sihitaji kutangaziwa," nikamwambia. "Wa kwangu nawajua."

Akasema kwa heshima ya Kihaya, "Haya waitu, niambie unataka nini."

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Hakucheka. Akaigeuza mashine, akachungulia nyuma yake kwa tochi.

"Haina tundu lake," akasema. "Matundu ni matano, na la sabufa. La nyuma katikati hawakuweka."

"Si nilisema?" mume wa mjukuu akadakia. "Nilisema hii haiongezwi. Bibi, ukubali tu kitenge."

"Subiri, mzee wa mpira," fundi akamwambia. "Kuna njia ya kizamani. Nachukua waya mmoja kwenye spika ya kulia na mmoja kwenye ya kushoto, spika yetu nailaza katikati yao. Tulikuwa tunafanya hivi kabla hizi mashine hazijaja. Inatoa sauti ya nyuma safi kabisa, utafikiri uko uwanjani."

Nilisikia neno moja tu, nyuma. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo, akasema taratibu, "Bibi, tungeacha tu." Yeye diski ile huwa haiangalii. Ikiwekwa, hukumbuka sufuria jikoni.

"Haachi mtu," nikasema.

Fundi akatoboa matundu mawili ukutani, nyuma ya kiti changu, sawa na kisogo. Akanipimia kabisa, akaniambia, "Kaa kama unavyokaa," akaweka kidole ukutani. Akatundika kiboksi cha mbao alichotoa kwenye redio kuukuu. Waya akaupitisha pembeni ya ukuta, akaubana kwa vipini vidogo ili tusiukanyage. Alifanya kazi yake vizuri, sina la kumlaumu. Kisha diski ikawekwa.

Waitu, kwanza nilifurahi. Nyuma yangu mvua ilianza kudondoka kwenye migomba, ile migomba yetu, kabla ya mnyauko. Kuku walipita kushoto kwenda kulia. Sahani za bati ziligongana, mtoto akalia na kubembelezwa, na mbali kabisa wanaume waliokuwa wanakunywa rubisi ya ndizi walicheka wote pamoja. Sikuwahi kuvisikia vile kwenye ile diski. Harufu ya nyasi mbichi tulizotandika sebuleni siku ile ilinijia puani. Nikashika mikono ya kiti. Nikasema moyoni, kama kuku wamerudi, naye yuaja.

Ikafika kwenye jiko. Kisogo na kilemba. Nikafumba macho.

"Mae! Geuka huku..."

Sauti ilitoka mbele, palepale kwenye beseni la ndizi. Nyuma, pale alipopaswa kusimama, mvua iliendelea kunyesha.

"Ongeza," nikasema.

Fundi akaongeza, akarudisha. Mvua ikawa kubwa, kuku wakawa wakubwa kama mbuni, na yeye akaita tena kutoka mbele. Akarudisha mara nyingine. Fundi akaenda kuweka sikio lake kwenye kiboksi cha mbao, akasikiliza mpaka mwisho, akawa anatikisa kichwa. Nyuma yangu alikuwepo kila mtu aliyekuwa nyumbani siku ile, isipokuwa mwanangu.

"Imeharibika?" mume wa mjukuu akauliza.

"Haijaharibika. Ndivyo ilivyo." Fundi akaja akachutama mbele ya kiti changu ili anione usoni. "Bibi, hii spika inapewa kile ambacho kulia na kushoto hawakubaliani. Kuku alikuwa upande mmoja, basi anasikika. Mvua kila upande una yake, inasikika. Lakini huyu aliyeshika kamera alikuwa katikati kabisa. Kulia anasema yupo, kushoto anasema yupo, kwa kipimo kilekile. Wakifika huku nyuma wanafutana."

"Anafutwa kwa kuwa alikuwa katikati?"

"Ndiyo."

"Angesimama pembeni ningemsikia?"

"Labda angesimama mbali na kamera, bibi. Huyu alikuwa karibu na kamera kuliko wote. Kamera ilikuwa mdomoni mwake."

Mjukuu alikuwa ameshaingia sebuleni, kitambaa begani, akasema, "Sasa imetosha. Mpeni bibi chai." Lakini fundi alikuwa anaitazama ile spika nyembamba chini ya runinga. Nadhani alinihurumia, na huruma wakati mwingine haijui pa kuishia.

"Yeye anatoka humu," akasema. "Basi hii tuiondoe mbele, tuitundike nyuma."

"Na mbele pabaki na nini?" mume wa mjukuu akauliza.

"Kwa leo pabaki hivyohivyo."

Akakishusha kiboksi cha mbao, akaiunga spika nyembamba kwa waya mrefu, akaitundika ukutani kwenye matundu yaleyale, sawa na kisogo changu. Diski ikaanza upya. Sasa ikawa vituko. Katekista anafungua mdomo kwenye runinga, jina lake linatoka nyuma yangu. Wifi zangu, vilevile. Mume wangu akasimama wima, midomo ikacheza, na sauti yake nzito ikatoka ukutani.

"Babu leo anaongelea mgongoni," mume wa mjukuu akasema. Alitaka tucheke. Fundi akakohoa. Mjukuu alikuwa ameketi chini karibu na miguu yangu, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaitazama runinga. Mimi nilikuwa nataja majina kama kawaida yangu, kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine, kabla hawajayasema.

Likaja jiko. Kisogo, kilemba, mikono inacheza na kisu. Sikufumba macho safari hii. Nikasikia matope yakilia chini ya viatu, nyuma yangu, kweli kabisa, hatua chache.

"Mae! Geuka huku!"

Nikageuka.

Sikuamua kugeuka. Mwili mzima uligeuka wenyewe, mkono ukashika egemeo la kiti, mguu ukapiga sakafu, na ulimi ulikuwa umeshasema, "Eee, mwana wange." Mbele ya uso wangu palikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa, vumbi la kutobolewa, na kile kiboksi cheusi chembamba kimening'inia na waya wake. Nikakitazama. Nikangoja. Kikacheka. Kilikuwa kicheko changu mimi, cha yule mwanamke mwenye meno yote, kikitoka humo kwenye kiboksi na kunipiga usoni. "Toka hapo, utaniangushia hicho kidude kwenye ndizi!" Nilikuwa na sauti nzuri. Sikuwa najua.

Nilipoirudia runinga, yule mwanamke alikuwa ameshamaliza kugeuka. Alikuwa anamenya. Kisogo na kilemba. Wakati mimi nautazama ukuta, yeye aligeuka akamwona mwanawe, akamcheka, akamfukuza, akarudi kwenye kazi yake bila wasiwasi wowote, kwa sababu alijua akigeuka tena atamkuta.

Watoto wa wifi yangu wakawa wanajificha nyuma ya mapipa, wanasema majina yao nyuma yangu. Mjukuu akaisimamisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nikurudishie pale, bibi? Uitwe tena?"

"Hapana, mama."

"Mara moja tu. Usigeuke, uangalie mbele."

"Hiyo siyo kuita tena," nikamwambia. "Ni ileile ya kwanza. Hana ya pili."

Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha habari za bibi yangu na mtoni. Aliinua kitambaa chake akaenda jikoni, na huko nilisikia maji yakifunguliwa na kuachwa yatiririke.

Fundi akairudisha spika nyembamba mahali pake. Kile kiboksi cha mbao akakitundika tena ukutani, maana mume wa mjukuu alisema akiache, kinafaa kwa mechi. Na kweli kinafaa. Wanaume wakija sasa wanasifu, uwanja mzima unanguruma nyuma yao, wanasema hata baa za mjini hazina kitu kama hiki. Diski imerudi kabatini, chini ya mashuka. Jioni kwenye rozari nawataja wote kwa majina kama zamani. Nikifika kwake natamka jina, na huwa nakosa la kuongeza, naruka kwenda kwa mwingine. Zamani nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa namwambia hata habari za migomba.

Kabla fundi hajafunga mkoba wake nilimwomba anisaidie jambo moja dogo. Tukakisukuma kiti changu, yeye upande mmoja na mume wa mjukuu upande mwingine, mpaka egemeo likagota ukutani kando ya kile kiboksi.

"Hapo hutaisikia vizuri spika yako, bibi," fundi akasema. "Ya nyuma inataka nafasi."

"Najua."

"Na watu watapita wapi kwenda jikoni?"

"Watapita mbele yangu, niwaone."

Sasa ndipo ninapokaa. Mgongo wangu unagusa ukuta, na nyuma yangu hapana nafasi ya mtu kusimama.